Uliza Mtu wa Mawe: Lirokonaiti, bluu ya anga yenye aseniki tumboni

Toleo lililopita nilitupia mstari mmoja tu kuhusu lirokonaiti, nikasema ni katika mawe mazuri kuliko yote niliyowahi kuyatazama kwa lenzi na papo hapo ni katika mawe ambayo nisingependa mtoto aokote, basi, meseji zikamiminika kama nimetangaza mnada. Nimechagua nane. Nyingi zilikuwa zinauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti, kwa hiyo usinune kama hujaona swali lako neno kwa neno.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Uliandika kwamba lirokonaiti ni "asenati adimu" halafu ukapita zako. Asenati ndo nini, na hilo jiwe likoje hasa? (Mdadisi)

JIBU: Marahaba. Kweli nilipita zangu, nisamehe, nafasi ilikuwa finyu.

Tuanze na aseniki yenyewe, ile ambayo kila mtu anaijua kwa stori za sumu. Chukua atomu moja ya aseniki uizungushie oksijeni nne, umbo linakuwa kama mafiga matatu yamepangwa chini na la nne umelipachika juu yake, aseniki yenyewe imejificha katikati. Hicho kifurushi ndo asenati, AsO4, na kina chaji hasi tatu, manake hakiwezi kukaa peke yake, lazima kitafute metali ya kushikamana nayo. Kikishikana na zinki unapata jiwe moja, na kobalti unapata jingine la rangi ya waridi iliyokolea, na chuma jingine, yako mamia ya namna hiyo.

Lirokonaiti imeshikana na metali mbili kwa mpigo, shaba na aluminiamu. Fomula yake ni Cu2Al(AsO4)(OH)4·4H2O, na usiikimbie, isome polepole kama orodha ya viungo: shaba mbili, aluminiamu moja, asenati moja, hidroksidi nne (hidroksidi ni oksijeni na hidrojeni zilizoshikana), maji manne. Ukipiga hesabu ya uzito, shaba ni kama asilimia 29, aseniki kama 17, aluminiamu 6 na kidogo, na maji, hapa ndo watu hushtuka, ukijumlisha na ile hidroksidi ambayo ukiichoma nayo inatoka kama maji, yanafika robo nzima ya jiwe. Yaani umeshika jiwe gumu, kavu, linang'aa, kumbe robo yake ni maji yaliyofungiwa ndani ya fuwele.

Kwa macho: bluu ya anga ya asubuhi iliyotakata, mara nyingine inaelekea kijani kidogo. Inang'aa kama kioo, au kama utomvu uliokauka. Fuwele zake ni bapa, kingo zimechongoka, ukizitazama haraka zinafanana na dengu zilizobanwa pande mbili, na ndo maana wachimbaji na wataalamu wa zamani waliiita madini ya lenzi. Ugumu wake ni 2 mpaka 2.5 tu, kucha yako ikikaza inaweza kuacha alama, na uzito wake ni kama mara tatu ya maji ya ujazo uleule. Jina la sasa lilikuja miaka ya 1820, limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja la rangi iliyopauka na jingine la unga, kwa sababu ukiisaga unga wake unakuwa mweupemweupe wenye ubluu wa mbali. Mimi naona walimkosea heshima, jiwe lenye bluu ile unaliita "unga uliopauka" kweli?

SWALI: Hiyo bluu inatokana na aseniki si ndiyo? Maana sumu huwa na rangi kali. (Bila jina)

JIBU: Hapana. Bluu ni ya shaba. Shaba ikiwa imepoteza elektroni mbili na imezungukwa na oksijeni na maji, inameza mwanga mwekundu na kuacha bluu na kijani vipite, ndo maana mawe mengine ya shaba kama azuraiti ni bluu, malakaiti ni kijani, na wala hazina aseniki hata chembe. Asenati yenyewe haina rangi. Chukua asenati ya zinki ambayo haina kitu kingine cha kuitia rangi, inakuwa nyeupe au haina rangi kabisa, na ni sumu vilevile. Kwa hiyo hilo la sumu kuwa na rangi kali tuwaachie waandishi wa riwaya.

SWALI: Mwalimu naomba unieleze kwa lugha nyepesi linatokeaje. Nimesoma kwamba ni "madini ya daraja la pili" na sikuelewa, daraja la pili la nini? Kwani kuna mtihani? (Kijana wa Jiolojia, mwaka wa kwanza)

JIBU: Hahaha, hakuna mtihani, ila hilo swali lako ndo lenyewe, kaa vizuri.

Kuna madini yanayozaliwa chini kabisa, kwenye joto, bila hewa. Hayo ndo ya kwanza. Halafu mamilioni ya miaka baadaye mwamba unainuka, unaliwa na mvua, yale madini yanajikuta karibu na uso wa dunia ambako kuna oksijeni na maji, na hawajazoea hayo mazingira, wanaoza. Kinachozaliwa kwenye ule uozo ndo madini ya pili. Lirokonaiti ni mtoto wa uozo.

Sasa twende Cornwall, ile ncha ya kusini magharibi ya Uingereza, kwa sababu stori ya lirokonaiti ni ya kule. Miaka milioni 270 mpaka 300 hivi iliyopita graniti ya moto ilipanda kutoka chini ikaingia kwenye miamba ya zamani ya pale, miamba ya jamii ya sileti ambayo wachimbaji wa kule wanaiita killas. Graniti inapopoa inatoa maji ya moto yaliyojaa metali, yale maji yakapenya kwenye nyufa, yakapoa, yakaacha mishipa ya bati, ya shaba, na ya aseniki. Aseniki ilikaa hasa kwenye asenopairaiti, ambayo ni chuma, aseniki na salfa, jiwe jeupe la rangi ya fedha ambalo ukiligonga kwa nyundo linatoa harufu ya kitunguu saumu, na nyingine ikakaa kwenye tenantaiti ambayo ina shaba na aseniki kwa pamoja. Mpaka hapo hakuna asenati. Aseniki bado imeshikana na salfa, haijaonana na oksijeni.

Halafu ndo mvua. Maji ya mvua yenye oksijeni yanashuka kwenye mshipa, yanakutana na salfaidi, yaani hayo madini ya metali na salfa, salfa inageuka kuwa asidi ya salfa, aseniki inanyang'anywa elektroni mpaka inakuwa asenati, shaba inayeyuka inakuwa maji ya bluu, na chuma kinageuka kutu. Kutu hiyo inabaki juu kama kofia ya kahawia iliyojaa matundu, wachimbaji wanaiita gossan, na hilo neno ambalo leo wanajiolojia wa dunia nzima wanalitumia lilitoka kwa wachimbaji haohao wa Cornwall. Ile asidi nayo haitulii, inatafuna kuta za mshipa, inakula feldispa, madini ya kawaida ya graniti, na vumbi la sileti, na kutoka humo inatoa aluminiamu.

Sasa fikiria tundu dogo ndani ya ile kutu, ukubwa wa kidole gumba. Maji yanadondoka humo tone kwa tone. Yana shaba, yana asenati, yana aluminiamu kidogo, yana asidi iliyokwisha makali kwa sababu imeshakula mwamba njiani. Yanakauka kidogo, yanarudi tena msimu wa mvua, yanakauka tena. Kwenye ukuta wa lile tundu fuwele inaanza, haionekani kwa jicho, inaongezeka tabaka juu ya tabaka. Hakuna moto, hakuna presha ya kutisha, ni joto la kawaida tu la ardhini karibu na uso. Watu hudhani kila fuwele nzuri imezaliwa kwenye volkano. Hii imezaliwa kwenye unyevunyevu, kama ukungu wa ukutani.

SWALI: Nimesoma majibu yako ya huko nyuma kuhusu madini ya shaba. Shaba ipo migodi mingi, aluminiamu imejaa kila udongo, aseniki nayo kila mgodi unailalamikia. Sasa kwa nini lirokonaiti iwe adimu? Isije ikawa wauzaji wa mawe wanatupiga changa la macho. (Mama Fuwele)

JIBU: Mama, shikamoo kwanza, na umeniuliza swali ambalo nilikuwa naliombea.

Viungo si adimu, uko sahihi kabisa. Aluminiamu ni ya tatu kwa wingi kwenye ganda la dunia baada ya oksijeni na silikoni. Shaba ni haba kidogo, kama gramu 60 kwa tani ya mwamba wa kawaida, aseniki kama gramu mbili, lakini kwenye mishipa ya madini zinarundikana zinakuwa tele. Kilicho adimu ni hao watatu kukaa meza moja bila mtu wa nne kuwaharibia.

Tuchukue wa nne mmoja mmoja. Chuma: chuma kilichoshika kutu kinaipenda asenati kupita kiasi, kikiwepo kwenye maji hayo hata kwa kiasi kinaidaka mapema, maji yakiwa bado na asidi kali, kinatengeneza skorodaiti au famakosideraiti, na shaba inabaki haina mwenza. Kalsiamu: ikiwepo unapata konikalsaiti ya kijani. Kaboneti, yaani kaboni iliyoshikana na oksijeni: ikiwepo nyingi shaba inakimbilia huko, unapata malakaiti na azuraiti, mawe mazuri ndiyo lakini si tuliyokuja kuyatafuta. Silika, yaani silikoni na oksijeni: hii inaidaka aluminiamu na kuifanya udongo mweupe wa kaolini, na Cornwall wana kaolini mpaka wamekuwa wakiichimba kwa ajili ya kauri na karatasi, kwa hiyo ushindani hapo si wa kitoto.

Halafu kuna hilo la asidi. Aluminiamu haisafiri vizuri kwenye maji yasiyo na asidi, asidi ikipungua sana inaganda njiani. Asidi ikizidi, lirokonaiti yenyewe haigandi, inabaki imeyeyuka. Kwa hiyo unataka maji yenye asidi ya wastani, si kali si hafifu, kwenye tundu ambalo chuma kimeshashikwa kikatulia pembeni, shaba nyingi, asenati nyingi, aluminiamu ya kutosha, salfeti (salfa iliyoshikana na oksijeni) isiwe imetawala maana ikiingia kwa wingi unapata jiwe jingine la kijani la majanimajani, kalkofilaiti, ambalo lina viungo vyote vya lirokonaiti na salfeti juu. Na aluminiamu ikipungua tu unaangukia kwa binamu zake, olivenaiti ya kijani cha zeituni au klinoklesi ya bluu nzito karibu na nyeusi, ambazo ni shaba na asenati bila aluminiamu.

Uzuri wake, haya yote unayaona kwenye kipande kimoja. Kuna kipande niliwahi kukishika, hakizidi kiganja, upande mmoja kutu ya kahawia imejaa matundu kama sponji, tundu la kwanza sindano za klinoklesi, nyeusi mpaka uweke taa ndo unaona ubluu, sentimita mbili pembeni tundu la olivenaiti, na katikati yao tundu moja lina lirokonaiti tano au sita, bluu ya anga, kubwa kabisa haifiki milimita nne. Sentimita mbili tu! Ina maana maji yaliyokuwa yanapita tundu hili na yale ya tundu la jirani yalikuwa na tabia tofauti. Nilikaa na kile kipande nusu saa nzima, chai ikapoa.

Kuhusu wauzaji sitawatetea, wapo wa kila aina. Ila kwenye hili hawakudanganyi.

SWALI: Umesema stori yake ni ya Cornwall. Mgodi gani? Bado unatoa? (Mkusanyaji mchanga)

JIBU: Wheal Gorland, karibu na kijiji cha St Day, kwenye parokia ya Gwennap. "Wheal" utaiona kwenye majina ya migodi mingi ya kule, ni neno la Kikornishi lenye maana ya mahali pa kazi, mgodi. Eneo hilo la Gwennap lilikuwa na shaba nyingi mpaka watu wakaliita maili ya mraba tajiri kuliko zote kwenye Ulimwengu wa Kale, yaani Ulaya, Asia na Afrika.

Na hapana, hautoi. Na sababu yake inachekesha kidogo ukishaelewa jibu la swali lililopita. Lirokonaiti inakaa juu, kwenye sehemu iliyooza, kati ya kofia ya kutu na usawa wa maji ya chini ya ardhi. Wachimbaji wanaanzia juu. Kwa hiyo sehemu iliyokuwa na lirokonaiti ndo ilichimbwa mwanzo kabisa, mwishoni mwa miaka ya 1700 na mwanzoni mwa 1800, na kwa mwenye mgodi yale yalikuwa ni mawe ya shaba tu, tena yenye aseniki inayosumbua tanuru. Yakapandishwa juu ambako wanawake na wasichana waliokuwa wakiitwa bal maidens, bal nayo ikimaanisha mgodi, walikaa na nyundo kuyapondaponda na kuyachambua, yenye shaba nyingi huku, takataka kule. Nikifikiria fuwele ngapi zilisagika chini ya zile nyundo tumbo linanikata. Mgodi ukishazama chini ya usawa wa maji hakuna oksijeni, unakutana na salfaidi ngumu, stori ya asenati imeisha.

Zilizopona zilipona kwa sababu kulikuwa na watu wachache wenye jicho. Mmoja ni Philip Rashleigh, mbunge na tajiri wa palepale Cornwall, alifariki 1811, alikuwa ananunua vipande vya ajabu kutoka migodini, na sehemu kubwa ya mkusanyo wake leo iko makumbusho ya Truro, mji wa palepale Cornwall. Mwingine ni Count de Bournon, Mfaransa aliyekimbia mapinduzi ya kwao akahamia Uingereza, ambaye 1801 alizichambua asenati za shaba za Cornwall kwa umbo la fuwele zake, huku mkemia Richard Chenevix akizipima kikemia, na kazi zao zikachapishwa na Royal Society ya London, chama cha wanasayansi. Fikiria, 1801, hakuna eksirei, hakuna mashine, mtu anapima pembe za fuwele ya milimita tatu kwa kifaa cha mkono na anakwambia hii si sawa na ile. Na kwa sehemu kubwa alikuwa sahihi. Wote wawili walikuja kupewa mawe yao: bournonaiti na cheneviksaiti.

Shaba ya Cornwall iliporomoka kwenye miaka ya 1860, ya bei nafuu ilikuwa inatoka nchi nyingine. Kilichobaki ni vifusi, na wakusanyaji wamevichambua kwa mikono na kwa lenzi miaka na miaka. Sehemu nyingine duniani lirokonaiti imeokotwa lakini vipande vidogovidogo, vya kutazama kwa hadubini. Ya Cornwall bado ndo yenyewe. Fuwele ikizidi sentimita moja watu wanaanza kuongea kwa kunong'ona.

SWALI: Mwenzangu ana jiwe hilo kabatini na mimi naogopa kuingia chumba kile. Je, lina mvuke wa sumu? Tunalala chumba cha jirani. (Mwenye Hofu)

JIBU: Lala usingizi. Likikaa kabatini kwenye joto la kawaida halitoi mvuke wa aseniki, aseniki yake imefungwa kwenye fuwele na haitoki hivihivi. Kulishika nako si tatizo, unanawa mikono yanaisha.

Lakini nisikupumbaze. Kipande cha gramu kumi cha lirokonaiti tupu, kitu cha ukubwa wa ncha ya kidole, kina kama gramu 1.7 za aseniki, na hicho ni kiasi kinachopita mara nyingi dozi ya kumuua mtu mzima. Linganisha: Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha aseniki kwenye maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita, yaani gramu moja ukiigawa vipande milioni, ni vipande kumi tu. Na msitulizane kwamba "haliyeyuki kwenye maji", ni kweli kwenye maji haliyeyuki kirahisi lakini kwenye asidi linayeyuka, na tumboni mwako kuna nini? Asidi.

Namna inavyoua inahuzunisha na inavutia kwa pamoja. Asenati na fosfeti, yaani fosforasi na oksijeni nne, ni kama mapacha, umbo lilelile la mafiga, chaji ileile. Mwili unatumia fosfeti kutunza nishati. Asenati ikiingia, mwili unaipokea ukidhani ni fosfeti, unaipachika pale pale panapotakiwa, halafu kile kifungo kinavunjika kabla hakijafanya kazi. Seli inafanya kazi bure. Juu ya hapo mwili unaigeuza sehemu yake kuwa asenaiti (si asenati, hii ina oksijeni pungufu), ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu inang'ang'ania vimeng'enya. Na huu upacha unauona hata kwenye jiwe lenyewe, lirokonaiti nyingine sehemu ya asenati imekaliwa na fosfeti na fuwele haikujali.

Kwa hiyo, hofu yako ihamishe kutoka chumbani uipeleke sehemu nne: usilisage, usilichome, usilitie asidi, na liweke kwenye kabati ambalo mtoto hafiki. Basi. Hasa kuchoma. Zamani wapima mawe walikuwa wanaweka kipande kwenye mkaa na kukipulizia moto, ikitoka harufu ya kitunguu saumu wanaandika "aseniki ipo". Walikuwa wanajua kwa sababu walikuwa wanaivuta. Huko Cornwall na Devon, jimbo la jirani, baadaye, walipoanza kuchoma asenopairaiti ili wauze aseniki yenyewe, wafanyakazi waliokwenda kukwangua ule unga mweupe kwenye njia za moshi walijipaka udongo usoni na kuziba pua kwa pamba. Udongo na pamba, ndo kinga.

SWALI: Nina jiwe la bluu, halina karatasi. Nitajuaje kama ni lirokonaiti au ni azuraiti? Au ile mrututu ya bluu? (Mkusanyaji mchanga, tena)

JIBU: Umerudi. Karibu.

Mrututu kwanza kwa sababu ni rahisi: ni salfeti ya shaba, inayeyuka kwenye maji. Chembe ndogo tu, tone la maji, maji yakigeuka bluu umemaliza. Na watu huwa wanakuza fuwele zake nyumbani na wengine wasio waaminifu wanazigundisha juu ya mwamba wa kahawia na kuziuza kwa majina makubwa, kwa hiyo kipimo cha tone usikidharau. Azuraiti ni bluu nzito zaidi, bluu ya wino, na ni ngumu zaidi, 3.5 mpaka 4, kucha haiigusi. Azuraiti pia ni kaboneti, ikipata asidi inachemka mapovu, lirokonaiti inayeyuka kimya kimya, ila nimetoka sasa hivi kukwambia usitie asidi kwa hiyo hicho kipimo waachie maabara.

Wewe angalia umbo. Dengu bapa zenye kingo kali, bluu nyepesi, juu ya kutu ya kahawia, na majirani wake ni akina nani. Lirokonaiti iliyokaa peke yake juu ya mwamba msafi mweupe mimi naitilia shaka hata kabla sijaivalia miwani. Ukitaka uhakika kamili ni mashine ya eksirei ya kusoma mpangilio wa fuwele, inahitaji unga kidogo sana, na wenye maabara wanajua kuushika. Ningesema piga picha unitumie lakini picha zenu za usiku kwa tochi ya simu kila kitu kinakuwa bluu.

SWALI: Naisafishaje? Ina vumbi. (Mama Fuwele)

JIBU: Mama, usiisafishe.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuwa na kijipande cha klinoklesi, binamu yake, sindano zake zilikuwa zimesimama vizuri kama nywele za brashi, vumbi kidogo tu, nikasema ngoja nichukue mswaki laini na maji ya vuguvugu. Dakika moja. Maji yakawa na rangi ya bluu kwenye beseni, nikafurahi vumbi linatoka, kumbe zinazotoka ni sindano zenyewe. Nikabaki na jiwe la kahawia safi sana na beseni la maji ambayo sikuweza hata kuyamwaga ovyo, ilibidi niyaache yakauke, niokote zile chembe kwa kibano na kuzifungia kwenye kichupa. Kichupa bado ninacho, nimekibandika tarehe.

Lirokonaiti ni laini kama klinoklesi au kuizidi. Kile kipulizio cha mpira cha kusafishia lenzi za kamera, pulizia kwa mbali, ukiwa umeinamisha jiwe ili vumbi lidondoke mbele na si usoni kwako. Lisipotoka liache. Mashine za mtetemo za kuoshea vito usizifikirie hata kidogo, zitaibomoa. Na weka ndani ya kiboksi cha plastiki chenye mfuniko, mbali na dirisha la jua na mbali na taa ya moto, kumbuka robo yake ni maji.